Kufundisha Utambuzi wa Wadudu Waharibifu Wageni na Utoaji wa Taarifa katika Shule ya Msingi

Katika makala haya nimekusudia kuwaeleza walimu wanafunzi jambo moja la ufundishaji ambalo aghalabu hupitwa upesi katika masomo ya mbinu, nalo ni namna ya kumfundisha mwanafunzi wa shule ya msingi kumtambua mdudu mharibifu aliye mgeni mahali pake, na kutoa taarifa ya kuonekana kwake. Nasema kumtambua na kutoa taarifa. Sisemi kumjua jina. Mambo hayo huchanganywa mno, hata na sisi wakufunzi, na mchanganyo huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Yanipasa nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2017, kabla sijaja kufundisha chuoni, nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya nyanda za juu kusini. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Asubuhi moja msichana wa darasa langu alikuja na kiwavi aliyemfunga katika jani la mhindi. Akaniambia: "Mwalimu, huyu anakaa peke yake, ndani kabisa ya moyo wa mhindi, na nje ameacha kitu kama unga wa mbao." Nilimtazama yule kiwavi kwa muda wa kupepesa jicho, nikajibu kwamba huyo ni kiwavijeshi, tumekwisha kumsoma, aende akamtupe. Wenzake walicheka kidogo, naye akaenda kumtupa.

Baada ya majuma matatu hivi bwana shamba wa kata alifika shuleni na picha mkononi. Alitueleza kuwa kuna kiwavi mgeni, kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni bara la Amerika. Kwamba katika Afrika alitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na kwamba sasa ameingia kwetu. Akauliza kama kuna mtu aliyekwisha kumwona. Yule msichana aliinua mkono. Mimi niliinamisha kichwa.

Yatazameni vizuri maneno ya mtoto yule. Viwavijeshi tuliowazoea, wale wa tangu zamani, wanapozuka huwa makundi kwa makundi, weusi, wakienda wazi juu ya majani na kuziacha nyasi zimebaki vijiti. Mgeni huyu hufanya kinyume. Wakiwa wakubwa hulana wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo mara nyingi katika moyo wa mhindi mmoja hubaki kiwavi mmoja, naye hujificha humo, akasukuma nje kinyesi chake kinachofanana na unga wa msumeno. Katika sentensi moja mtoto alikuwa amezitaja dalili hizo zote, bila ya kufundishwa na mtu, nami nikazifuta kwa jina moja. Kwa kiwavi huyu majuma matatu si muda mdogo. Angali mdogo na yuko karibu na nje, yawezekana kumwokota au kumfikia kwa dawa. Akiisha kuzama katika moyo wa mhindi dawa humfikia kwa shida. Na wale wa kwanza huwa wamekwisha kushuka udongoni kuwa pupa, tayari kwa uzao mwingine. Mashamba ya majirani wa shule yaliliwa msimu ule. Siwezi kudai kwamba taarifa ya mtoto mmoja ingeyaokoa yote, lakini taarifa ilikuwako, ikafika mezani kwa mwalimu, na ikaishia hapo.

Wengi wenu mtakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha mkiwa na andalio la somo lenye lengo kama hili: "Wanafunzi waweze kutaja wadudu waharibifu watano wa mazao." Lengo hilo lapendeza kwa sababu ni rahisi kulipima. Lakini fikirini linamfanya nini mtoto. Linamzoeza kuchukua jina lililo karibu na kulibandika juu ya kitu anachokiona. Akikutana na mdudu mgeni, ambaye kwa maana yenyewe ya ugeni hana jina katika daftari, mtoto huyo atampa jina la mwenyeji anayefanana naye, na hapo uchunguzi umekwisha. Mdudu mgeni hufaidika sana na jina la mwenyeji. Ndivyo alivyopita mbele yangu.

Nchi yetu inao mfano mkubwa kuliko huo wangu, nao ni dumuzi. Asili yake ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akatambuliwa na kuandikwa rasmi mkoani Tabora mwaka 1981. Mwaka 1983 alikuwa amekwisha kuonekana Kenya, upande wa Taveta, na mwaka 1984 akaonekana Togo, magharibi ya Afrika. Wakulima wa Tabora walimwona kabla ya wataalamu. Wapo waliompa jina la Scania, kwa malori makubwa ya njia zile, na wazee wanaoikumbuka miaka hiyo hueleza jinsi mahindi yaliyowekwa darini yalivyogeuka unga ukawa unadondoka jikoni. Wenye mahindi walizijua dalili. Kilichokosekana ni njia ya kuzipeleka mbele upesi.

Ukubwa wa hasara uonyesheni kwa hesabu, maana watoto huielewa. Uchunguzi uliofanywa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikuta katika baadhi ya maghala ya wakulima upungufu wa uzito unaofikia asilimia 34 baada ya miezi mitatu ya kuhifadhi, ingawa wastani ulikuwa chini ya asilimia 9. Mwulize mtoto wa darasa la sita: gunia la debe sita likipotewa na asilimia 34, limebaki debe ngapi? Atakuta kwamba debe mbili zimekwenda. Kisha mwulize familia yao hula debe moja kwa siku ngapi. Hapo hutahitaji kumhubiria umuhimu wa somo. Kwa muhogo mkavu, yaani makopa, hasara iliyopimwa ilikuwa mbaya zaidi, kwani baada ya miezi minne zaidi ya nusu ya uzito ilikuwa imepotea.

Nimemchagua dumuzi awe mdudu wa kufundishia, ingawa kosa langu lilikuwa la kiwavi, kwa sababu za kazi tu. Dumuzi aliyekaushwa hukaa katika chupa mwaka mzima bila kuoza. Kiwavi husinyaa na kupoteza rangi siku ile ile. Tena dumuzi anaye mwenyeji anayechanganywa naye kila siku, yaani fukusi wa mahindi, na wote wawili hupatikana vijijini pasipo gharama. Mtoto aliyejifunza kuwapambanua wawili hawa ameshika njia ya kumpambanua mdudu mwingine yeyote.

Sasa niingie darasani. Somo la kwanza liwe la kutazama tu. Ligawe darasa katika vikundi vya watano watano. Kila kikundi kipewe karatasi nyeupe, rula, njiti nyembamba au mwiba, na wadudu wawili waliokufa, mmoja ameandikiwa A na mwingine B. Wape amri moja: hakuna ruhusa ya kutamka jina la mdudu yeyote mpaka kengele ya mwisho wa kipindi. Watoto huichukua amri hii kama mchezo, na hukamatana wenyewe kwa wenyewe mmoja akiteleza. Lengo katika andalio lako laweza kuandikwa hivi: "Wanafunzi waweze kueleza alama tatu za mdudu aliyewekwa mbele yao bila ya kutumia jina lake."

Swali la kwanza lisiwe la rangi wala la ukubwa. Rangi na ukubwa ndiyo mambo ambayo mtoto huyasema kwanza, na katika kazi hii ndiyo yenye msaada mdogo. Fukusi na dumuzi wote ni wa kahawia inayoelekea weusi, na wote urefu wao hukaribia milimita 3 hadi 4. Uliza hivi: kichwa kiko wapi? Kwa mdudu A, ambaye ni fukusi, vidole vyote vitanyoosha mahali pamoja, maana fukusi anao mdomo mrefu mwembamba uliochomoza mbele kama mkonga mdogo. Kwa mdudu B kutatokea ubishi. Ukimtazama dumuzi kwa juu humwoni kichwa. Kimeinamia chini, kikafunikwa na ngao ya kifua, kiasi kwamba baadhi ya watoto watakuambia kichwa kimekatika. Usiwasaidie. Acha ubishi uendelee dakika tatu au nne, uwaone wakimgeuza kwa njiti, mpaka mmoja amkute kichwa tumboni. Katika kipindi kimoja nilichokisimamia, mtoto alisema mdudu huyu ni kama mtu aliyejifunika shuka gubigubi. Mwalimu mwanafunzi akataka kumsahihisha ampe neno la kitaalamu, nilimwashiria aache. Shuka lile lilikuwa limekaa kichwani mwa darasa zima, na neno la kitaalamu lingeweza kungoja.

Swali la pili: nyuma yake pakoje? Mwili wa dumuzi ni mcheduara, na mwisho wake hauteremki taratibu, bali umekatika ghafla kama gogo lililokatwa kwa msumeno. Hiyo ndiyo alama kubwa. Wachoreshe, na mchoro ujaze ukurasa. Wengi wenu huogopa kuwachoresha watoto wadudu kwa sababu mwalimu mwenyewe hajui kuchora. Mchoro mbaya wa mtoto aliyetazama una thamani kuliko mchoro mzuri wa mwalimu ulionakiliwa kutoka ubaoni. Na kama mnachora chati, andikeni pembeni ukubwa halisi. Nilimkuta mwalimu mwanafunzi mmoja amebandika ukutani kiwavi mzuri sana, mrefu kama mkono. Nilipowauliza watoto kiwavijeshi ana urefu gani, mmoja alinionyesha kutoka kwenye vidole hadi kiwiko.

Lenzi ya mkono ikikosekana, chupa ya kioo ya duara, iliyo safi na kujazwa maji, hukuza kiasi cha kutosha ukiiweka mbele ya mdudu. Simu ya mwalimu nayo yafaa, lakini wasiitazame simu wakamwacha mdudu.

Baada ya mwili watazame kazi yake. Wape punje zilizobunguliwa na fukusi, na punje au hindi zima lililobunguliwa na dumuzi. Fukusi huacha tundu la duara lililo wazi na unga kidogo. Dumuzi hutoboa huku na huku na kuacha unga mwingi mno, hata mahindi yakiinuliwa unga hufuka. Watoto watauliza kwa nini dumuzi hupenda mahindi yasiyopukuchuliwa. Jibu lake ni kuwa hustawi zaidi punje zikiwa zimeshikamana, kwani hupata pa kujikaza akitoboa. Kwa sababu hiyo wakulima walihimizwa tangu miaka ya 1980 kupukuchua mahindi kabla ya kuyahifadhi.

Kabla ya kengele, na hapo tu, ndipo majina yatajwe. Na hapo pia elezeni kwa nini kukosea jina ni hatari. Dawa za unga zilizokuwa zikimwua fukusi zilipojaribiwa kwa dumuzi hazikumweza vya kutosha, na dawa iliyomfaa dumuzi haikuwa na nguvu ile ile kwa fukusi. Ikabidi zichanganywe aina mbili, pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi na permethrini kwa ajili ya dumuzi. Mkulima aliyeambiwa "ni fukusi tu" alitumia fedha yake kununua kitu ambacho hakikumsaidia, akaamini kwamba dawa zote ni uongo. Imani hiyo huchukua miaka kuiondoa.

Somo la pili ni fupi. Waleteeni mdudu C, anayefanana na dumuzi katika kukificha kichwa, lakini ni mwembamba, urefu wake milimita 2 hadi 3, na nyuma yake ni ya mviringo. Wengi wataruka kumwita dumuzi. Huyu ni binamu yake, naye hupatikana pia katika nafaka. Nia ya somo si kuwaumbua watoto, ila waonje wenyewe jinsi jicho linavyodanganyika likiisha kuzoea jina. Kwa viwavi onyo kama hilo lahitajika: watu wengi hufundishwa kwamba kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, ni kweli anayo, lakini wapo viwavi wengine wa ukoo wake wenye alama inayokaribia hiyo. Alama ya kuaminika zaidi ni madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe nne za mraba, karibu na mwisho wa mwili. Alama moja isitosheke.

Hapa niseme neno kidogo juu ya tabia ya kuponda. Mtoto wa kijijini akimwona mdudu humponda, na walimu humsifu. Lakini yupo mdudu mdogo mweusi, Teretrius nigrescens, aliyeletwa Afrika makusudi kutoka Amerika ya Kati kwa sababu hula mayai na funza wa dumuzi. Aliachiwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na Tanzania pia alipelekwa. Anayeponda kila kitu huponda na rafiki yake, tena hupoteza ushahidi ambao bwana shamba angeuhitaji.

Somo la tatu ni la taarifa, nalo ndilo ambalo maandalio mengi niliyoyasoma hayanalo kabisa. Huishia kwenye sentensi "mwalimu awahimize wanafunzi kutoa taarifa", kana kwamba kutoa taarifa ni jambo la moyo mwema tu. Ni uandishi, na uandishi hufundishwa. Waandikieni ubaoni taarifa mbovu: "Kuna wadudu wabaya wanamaliza mahindi kijijini kwetu, tunaomba msaada." Waulizeni: ungekuwa wewe ndiye afisa ugani, ungepanda baiskeli uende wapi? Ungebeba nini? Watoto watagundua wenyewe kwamba hawajui nyumba, siku, mdudu, wala kiasi. Kisha watunge upya kwa pamoja. Taarifa ifaayo yaweza kuwa hivi:

"Jumatatu tuliona wadudu katika mahindi yasiyopukuchuliwa yaliyowekwa darini, kitongoji cha mtoni. Ni wa kahawia nyeusi, urefu karibu milimita 4. Kichwa hakionekani kwa juu. Nyuma wamekatika. Chini ya mahindi pana unga mwingi. Tulihesabu mahindi 20, na 7 yametobolewa. Hatuna hakika na jina lao. Tumeweka watano waliokufa katika chupa kwa mwalimu."

Angalieni sentensi ile ya saba: "Hatuna hakika na jina lao." Mimi huitia alama nyekundu ya sifa. Haimpunguzii mtoto chochote, na yampa mtaalamu nafasi ya kufanya kazi yake. Angalieni vilevile kwamba wamehesabu. "Mengi" ya mtoto mmoja ni "machache" ya mwingine, lakini 7 katika 20 ni 7 katika 20 kwa kila asomaye.

Wafundisheni na njia ya kupita. Mtoto humpa mwalimu. Mwalimu humpelekea afisa ugani wa kata au wa kijiji, na nakala kwa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Kutoka hapo hufika ofisi ya kilimo ya wilaya, na kwa mdudu asiyejulikana huendelea hadi Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Picha ya simu, mdudu akiwa kando ya rula, hufika haraka, lakini isichukuliwe kuwa badala ya chupa. Nyuma iliyokatika na nyuma ya mviringo katika picha yenye ukungu ni kitu kimoja.

Wale mtakaosema kwamba kazi hii yazidi uwezo wa watu wasio wataalamu, ikumbukeni Kilosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vilipewa mtego wa kunasia nondo wa viwavijeshi, unaotumia harufu ya nondo jike, pamoja na kipimo cha mvua. Wanakijiji waliofunzwa walihesabu nondo, wakapima mvua, wakatoa utabiri wa viwavijeshi kwa kijiji chao wenyewe, badala ya kuungojea kutoka mbali. Walifunzwa hatua chache zilizo wazi, wakazirudia kila siku.

Liko jambo ambalo sijaona likiandikwa katika mwongozo wowote wa kufundishia, nalo laweza kukuharibia kazi yote. Mtoto akiandika kwamba ghala la baba yake lina dumuzi, ametoa siri ya nyumbani. Baba huona haya, kwa kuwa watu humdhania mvivu asiyesafisha ghala. Au huogopa kwamba mnunuzi akisikia atashusha bei. Mwalimu mwanafunzi mmoja alizisoma taarifa za watoto mbele ya gwaride la asubuhi, pamoja na majina ya nyumba, kwa nia njema kabisa. Juma lililofuata hakuna mtoto aliyeleta mdudu. Nawaomba sana: taarifa isomwe na mwalimu na afisa ugani tu. Darasani zungumzeni juu ya mdudu, si juu ya nyumba. Na kabla ya kuanza somo hili, nendeni kwenye mkutano wa wazazi muwaeleze kuwa dumuzi huingia hata ghala lililofagiwa, kwa sababu huruka, na huzaliana hata katika miti mikavu.

Daftari la taarifa liwe na safu ya mwisho yenye kichwa "Jibu". Afisa ugani akija, au akipiga simu, alichosema kiandikwe humo, na mtoto aliyeleta taarifa asomewe, hata kama jibu ni kwamba mdudu ni fukusi wa kawaida. Safu hiyo ikikaa tupu majuma mawili, mwalimu aulize. Nimeziona shule ambazo watoto walileta chupa kwa bidii mwezi wa kwanza, chupa zikajaa vumbi kabatini, na mwezi wa tatu hakuna aliyejali. Hatuwezi kuwalaumu.

Juu ya upimaji, ondoeni swali la "Taja wadudu watano." Badala yake wekeni juu ya meza wadudu sita wasio na majina, watano waliokwisha fundishwa na mmoja ambaye hawajapata kumwona darasani, fukusi wa maharage afaa. Kila mtoto apite na daftari aandike alama za kila mmoja, na jina kama anayo hakika nalo. Kati ya alama kumi za kila mdudu, mimi hutoa nane kwa maelezo na mbili kwa jina. Kwa mdudu wa sita, aliyeandika "simjui" akamweleza vizuri hupata zote kumi. Aliyempa jina la uongo na kumweleza vizuri hupata sita. Wanachuo wengine wamenilalamikia kwamba huo ni upendeleo kwa wasiojua. Nawajibu kwa kuwakumbusha kiwavi aliyetupwa mwaka 2017: aliyemtupisha alikuwa na jina mkononi.

Mwisho ni maonyo ya utunzaji. Msisafirishe wadudu hai, hata kama ni kwa ajili ya somo. Mwanachuo mmoja alitaka kuchukua dumuzi hai katika mfuko wa nailoni, apande nao basi mpaka wilaya nyingine kwa mazoezi ya kufundisha. Dumuzi hutoboa nailoni na ubao, na huenda angekuwa yeye mwenyewe mletaji wa mgeni. Wamwagieni maji yaliyochemka, waanikeni juani juu ya karatasi mpaka wakauke kabisa, kisha watieni katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Ndani wekeni kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli tarehe na mahali walipopatikana, kwa maana wino hufifia. Punje zilizobunguliwa nazo zipashwe moto au zichemshwe kwanza, kwani ndani yake mna mayai na funza. Kwa mahali ambapo mahindi huvunwa kati ya Mei na Julai, dumuzi huanza kuonekana kwa wingi katika maghala miezi michache baadaye. Kwa hiyo watakaokwenda kwenye mazoezi muhula wa pili watawapata wapya vijijini, na watakaokwenda muhula wa kwanza, wakati mahindi yangali shambani, wachukue chupa za wadudu waliokaushwa kutoka maabara ya chuo, waandike majina yao katika daftari la kuazimia, na kuzirudisha.